SOMA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Kila mwaka alizeti inapovunwa, viwanda vya kukamua mafuta vya Mkoa wa Singida huhitaji watu wengi. Magunia yanapakuliwa. Mbegu zinaanikwa na kupepetwa. Mafuta yanajazwa katika madumu na mashudu yanapakiwa katika magari. Watu hutoka Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni kwenda kutafuta kazi. Wengine hutafuta kazi katika ujenzi, machimboni, madukani, katika nyumba za wageni au katika nyumba za watu.

Huenda nawe unafikiri kutafuta kazi baada ya kuvuna shamba lako, au una kijana anayetaka kwenda mjini. Somo hili linaeleza jinsi ya kuomba kazi, jinsi ya kuishi vizuri kazini, na jinsi ya kulinda jasho lako.

Jambo kubwa katika somo hili ni moja. Kazi ni mapatano ya watu wawili. Wewe unatoa nguvu na wakati wako. Mwajiri anatoa malipo. Kila mmoja ana wajibu wake. Mtu asiyejua yaliyoandikwa katika mapatano hawezi kuyalinda.

1. Kwa nini kusoma kunahusika na kazi?

Zamani za ukoloni mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji watu wengi. Wafanyakazi walichukuliwa kutoka sehemu za mbali. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alipewa namba. Mfanyakazi alipewa kadi iliyoitwa kipande. Kila siku aliyomaliza kazi yake, kadi hiyo ilitiwa alama. Siku 30 za kazi zilipotimia ndipo alipolipwa. Kama alama haikutiwa, siku ile ilipotea. Wengi wao hawakujua kusoma. Walitia dole gumba katika karatasi wasiyoifahamu, wakategemea maneno ya aliyeshika kalamu.

Baada ya Uhuru nchi yetu ilikazania elimu. Mwaka 1970 ulifanywa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wazima waliingia darasani kwa maelfu, wakajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Wewe unayesoma ukurasa huu umefuata njia hiyohiyo. Sasa kalamu unaishika wewe mwenyewe. Itumie.

2. Kabla ya kuondoka nyumbani

Usiondoke mikono mitupu. Tayarisha vitu hivi:

(a) Kitambulisho cha Taifa. Kama hujakipata, chukua namba yako ya utambulisho.
(b) Barua ya utambulisho kutoka kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji.
(c) Vyeti vyako, kama unavyo. Peleka nakala. Vyeti halisi vionyeshe, kisha urudi navyo.
(d) Majina na namba za simu za watu wawili wanaoijua kazi yako. Waombe ruhusa kwanza.
(e) Daftari dogo na kalamu.

Daftari hilo usilidharau. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Siku zako za kazi nazo ni mali.

3. Barua ya kuomba kazi

Barua nzuri ya kuomba kazi ni fupi. Inasema wewe ni nani, unaomba kazi gani na unaweza kufanya nini. Haisimulii shida zako zote. Mwajiri anatafuta mtu wa kumfanyia kazi. Tazama mfano huu:

Kijiji cha ..................
S.L.P. ..................
Singida.
Tarehe ..................

Meneja,
Kiwanda cha ..................
S.L.P. ..................
Singida.

Ndugu Meneja,

YAH: MAOMBI YA KAZI YA KUPAKIA MAGUNIA

Mimi ni mkazi wa kijiji kilichotajwa hapo juu. Nina umri wa miaka 34. Naomba kazi ya kupakia na kupakua magunia katika kiwanda chako.

Nimelima alizeti kwa miaka 10. Najua kupima kwa mzani na kushona magunia. Nasoma na kuandika Kiswahili. Naweza kuanza kazi mara nitakapoitwa.

Nimeambatanisha barua ya Afisa Mtendaji wa Kijiji.

Wako mtiifu,
(Sahihi)
(Jina kamili na namba ya simu)

Andika barua yako kwa mkono wako. Kama mwandiko si mzuri sana, usione haya. Barua yenye mwandiko mbaya lakini yenye ukweli ni bora kuliko barua nzuri yenye uongo. Ukisema unajua kuendesha mashine na hujui, mashine itakuumbua.

4. Siku ya kuonana na mwajiri

Fika mapema. Ukiambiwa saa mbili asubuhi, uwe mlangoni kabla ya saa mbili. Vaa nguo safi, hata kama ni kuukuu. Zima simu au iondoe mlio.

Salimia kwanza, kisha subiri ukaribishwe kukaa. Jibu ulichoulizwa. Kama hukuelewa, sema, "Samahani, sikuelewa. Naomba urudie." Kuuliza si ujinga.

Nawe unayo haki ya kuuliza. Uliza kwa upole: Kazi ni ipi hasa? Inaanza na kwisha saa ngapi? Malipo ni kiasi gani, na ni kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi? Mtu anayeuliza mapema haonekani mkorofi. Mgomvi ni yule anayenyamaza mwanzo, kisha akapiga kelele siku ya malipo.

5. Kazi ya kweli hainunuliwi

Jihadhari na mtu anayekuambia, "Lipa fedha kidogo, nikuingize kazini." Mwingine atapiga simu na kusema umekwisha pata kazi, ila utume kwanza fedha za fomu au za kupimwa afya. Ukituma, simu yake haitapatikana tena. Mtu wa kijijini huuza hata kuku wake apate fedha hizo, na mwisho hapati kazi wala kuku.

Wengine hawataki fedha. Humtaka mwanamke kimwili ndipo wampe kazi. Hiyo ni rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalikataza jambo hilo. Toa habari TAKUKURU kwa simu namba 113. Simu hiyo hailipiwi.

6. Watoto wanaochukuliwa kwenda mjini

Jambo hili linatugusa sana hapa Singida. Mara nyingi mgeni hufika kijijini akitafuta msichana wa kazi za nyumbani wa kumpeleka Dar es Salaam au mji mwingine. Huwaahidi wazazi mshahara mzuri. Pengine husema mtoto atasomeshwa. Hakuna karatasi yoyote, na miezi michache baadaye hakuna habari za mtoto.

Mzazi, jua mambo haya. Sheria hairuhusu kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliye chini ya miaka 18 hapewi kazi ya hatari, wala kazi inayomzuia kusoma. Kumchukua mtu kwa hila ili akatumikishwe ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008.

Kama ni mtu mzima anayekwenda kufanya kazi za nyumbani, naye ni mfanyakazi kama mwingine. Anastahili mshahara, mapumziko na siku ya kupumzika katika wiki. Kabla hajaondoka, mwende pamoja na mgeni huyo kwa Afisa Mtendaji. Andikeni jina la mwajiri, mahali anapokaa, namba yake ya simu, kiasi cha mshahara na utakavyolipwa. Nakala moja ibaki nyumbani. Mgeni mwenye nia njema hatakataa. Akikataa, amekwisha kujibu.

Kama mtoto anateswa au anatumikishwa, piga simu namba 116. Nayo hailipiwi.

7. Karatasi ya mapatano

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi wakati anapoanza. Sharti hili halimhusu mtu anayefanya kazi kwa mwajiri mmoja siku zisizofika 6 kwa mwezi. Katika karatasi hiyo tafuta mambo haya:

(a) Jina lako, limeandikwa sawasawa.
(b) Kazi utakayofanya, na mahali pa kuifanyia.
(c) Tarehe ya kuanza.
(d) Muda wa mkataba: ni wa miezi mingapi, au hauna mwisho uliowekwa?
(e) Saa za kazi.
(f) Malipo, na jinsi yanavyohesabiwa.

Huenda ukakuta maneno magumu, au karatasi imeandikwa kwa lugha usiyoijua. Usitie sahihi kwa kuona haya. Sheria hiyohiyo inasema kwamba kama mfanyakazi haelewi maelezo yaliyoandikwa, mwajiri ahakikishe ameelezwa kwa njia anayoielewa. Kuelezwa ni haki yako. Usidhani unaomba hisani.

Soma mazungumzo haya ya karani na mama mmoja aliyefika kiwandani kuomba kazi. Someni wawili wawili.

Karani: Mama, tia sahihi hapa chini. Watu wengi wanasubiri.
Mama: Sawa, mwanangu. Nipe nafasi kidogo nisome.
Karani: Ni mambo ya kawaida tu, mama.
Mama: Nimeona mahali pa malipo hapajaandikwa kitu.
Karani: Tutajaza baadaye.
Mama: Basi na sahihi yangu nitaitia baadaye, tukishajaza.
Karani: (anacheka) Haya mama, tujaze. Ni shilingi 10,000 kwa siku.
Mama: Ahsante. Naomba na nakala yangu.

Mama huyu hakugombana na mtu. Hakupandisha sauti. Alisoma tu, akaona pengo, akalisema.

Pengine utajiuliza: "Na kama karani angemfukuza?" Ni kweli, jambo hilo laweza kutokea. Mtu mwenye njaa nyumbani hawezi kila mara kukataa kazi. Kama huna budi kuanza kazi bila karatasi, basi jioni ile ile andika katika daftari lako: tarehe, jina la aliyekuajiri, kazi na malipo mliyopatana. Mwombe mwenzako aliyesikia mapatano naye aandike. Sheria inasema kwamba shauri likifika mbele ya wasuluhishi na mwajiri akashindwa kutoa maelezo ya maandishi, ni juu yake kuthibitisha yale mliyopatana. Lakini usitie sahihi katika karatasi tupu, wala katika hati ya fedha ambazo hujapokea.

8. Adabu ya kazi

Sasa tutazame upande wako wa mapatano.

Wahi kazini. Mashine moja inaweza kuhitaji watu watano. Mmoja akichelewa, wanne wanasimama. Ukiugua, toa habari siku hiyohiyo, na upate karatasi ya daktari.

Heshimu cheo, hata kama mwenye cheo ni mdogo kwako. Hapa wengi wetu hupata shida. Msimamizi anaweza kuwa rika la mwanao. Asubuhi atakuamkia, "Shikamoo, baba." Nawe utajibu, "Marahaba." Kisha atakupangia kazi, nawe utaifanya. Umri wako haupungui kwa kufuata maagizo ya kijana. Naye kijana ajue kwamba kuagiza si kutukana.

Tunza mali ya kazi. Kuchota mafuta kidogo ya kupeleka nyumbani ni wizi. Mwizi wa lita moja hupoteza mshahara wa mwaka.

Vaa nguo zinazofaa. Karibu na mashine usivae khanga inayoning'inia wala shati pana lisilofungwa. Mkanda wa mashine hushika nguo kwanza, kisha huvuta mkono. Ukiumia kazini, mwambie msimamizi mara moja na hakikisha ajali imeandikwa. Uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Michango yake hutolewa na mwajiri. Haikatwi katika mshahara wako.

Omba ruhusa ya msiba. Kijijini msiba ni wa watu wote, na asiyekwenda huonekana hana utu. Lakini kazini ukiondoka kimya, utahesabiwa umetoroka. Sheria inampa mfanyakazi aliyezidisha miezi 6 kazini siku 4 za likizo yenye malipo akifiwa na mume au mke, mtoto, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Msiba wa jirani au wa binamu haumo. Kwa huo, mwendee msimamizi kabla ya kuondoka, useme utakwenda siku ngapi, na urudi siku uliyosema. Hata kama huna salio la kupiga simu, tuma mwenzako apeleke habari.

9. Haki zako

Ukitimiza wajibu wako, dai haki yako bila woga. Sheria ya mwaka 2004 inasema hivi:

Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku, wala 45 kwa wiki, wala siku 6 za kazi kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida.

Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya uzazi ya mama ni siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja.

Mshahara utolewe pamoja na maandishi yanayoonyesha kiasi ulichopata na kiasi kilichokatwa. Kama umekatwa mchango wa NSSF, usizidi asilimia 10 ya mshahara wako. Kata ya shilingi 240,000 isizidi shilingi 24,000. Hakikisha mchango huo umefika katika Mfuko. Uliza katika ofisi yao.

Anayelipwa kwa mwezi, akitaka kuacha au akiachishwa, taarifa iwe ya siku zisizopungua 28. Katika mwezi wa kwanza wa kazi taarifa ni siku 7. Ukiacha kazi, acha kwa barua na kwa heshima. Omba hati ya utumishi inayoonyesha kazi uliyofanya na muda wake. Itakusaidia kupata kazi nyingine.

10. Daftari lako

Kila siku andika tarehe, saa uliyoingia na saa uliyotoka. Tuseme mmepatana shilingi 10,000 kwa siku. Mwisho wa mwezi karani anasema umefanya kazi siku 21. Daftari lako linaonyesha siku 24.

Hesabu ya karani: 21 x 10,000 = shilingi 210,000
Hesabu yako: 24 x 10,000 = shilingi 240,000
Tofauti: shilingi 30,000

Bila daftari utasema, "Nadhani zilikuwa zaidi." Ukiwa na daftari utasema, "Ndugu karani, naomba tutazame tarehe 6, 13 na 20. Siku hizo nilikuwa zamu ya kupakia mashudu." Huenda karani alisahau. Mpe nafasi ya kurekebisha kabla ya kumwita mwizi.

Kama mazungumzo yameshindikana, mwone kiongozi wa chama cha wafanyakazi, au Afisa Kazi. Unaweza pia kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi mikoani. Usikawie. Ukiachishwa kazi bila haki, unazo siku 30 za kupeleka shauri. Madai mengine ni siku 60. Mtu anayesema "nitakwenda baada ya kulima" hukuta siku zimepita.

Ndugu msomaji, ulipoanza darasa hili huenda watu walikuuliza, "Mtu mzima unasoma ili iweje?" Jibu lao ni hili: usome karatasi ya kazi yako kabla ya kutia sahihi, na siku ya malipo uihesabu fedha yako mwenyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini wafanyakazi wa zamani waliitwa manamba? Kipande kilikuwa nini?
2. Taja mambo sita ya kutafuta katika karatasi ya mapatano.
3. Mgeni amefika kijijini kwenu akitaka msichana wa kazi. Kijiji kifanye nini kabla hajaondoka naye?
4. Msimamizi wako ni mdogo kwako. Je, mtaheshimiana vipi?
5. Jirani amefiwa, nawe uko zamu. Utafanya nini?
6. Kibarua amepatana shilingi 8,000 kwa siku. Amefanya kazi siku 22, amelipwa shilingi 160,000. Je, amepunjwa? Kiasi gani?

ZOEZI LA KUANDIKA

Andika barua yako ya kuomba kazi. Mpe mwenzako aisome. Kisha chora katika daftari lako safu tatu: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Anza kuzijaza leo, hata kama kazi yako ni shamba lako mwenyewe.

MANENO MAGUMU

Mapatano: mambo ambayo watu wawili au zaidi wamekubaliana.
Nakala: karatasi inayofanana na ile ya kwanza.
Fidia: malipo kwa ajili ya hasara au maumivu.
Hati ya utumishi: karatasi inayoonyesha kazi mtu aliyofanya na muda wake.
Kupunjwa: kupewa pungufu ya haki yako.